Ukirudishwa Thieta Mara ya Pili, Bili ni ya Nani?

Ujumbe wa mchango huwa na sura moja: picha ya mgonjwa kitandani, nambari ya kutuma pesa, na maneno "alifanyiwa upasuaji ukaleta matatizo, sasa anarudishwa thieta." Ukiingia kwenye makundi ya WhatsApp ya familia na mitaa hapa Malindi, watu hugawanyika hapo hapo. Mmoja atasema hospitali ndiyo iliyoharibu, basi na ilipe yenyewe. Mwingine atajibu kwamba mgonjwa alitia sahihi fomu, kwa hivyo hana la kusema. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mkubwa wa familia, atasema tuchange kwanza mtu atoke, maneno baadaye. Na hiyo baadaye haifiki.

Naandika haya kwa sababu familia nyingi hulipa pesa ambazo wangeweza kuzihoji, na nyingine hukataa deni la halali kwa kuamini kuwa kila tatizo ni kosa la daktari. Mkanganyiko wote unatokana na kuchanganya maswali mawili: nani alaumiwe, na nani alipe. Kila swali lina watu wake wa kuliamua na muda wake. Bili unaweza kuihoji leo kwenye dirisha la malipo bila kumtuhumu mtu yeyote. Lawama huchukua miezi, pengine miaka.

Tuanze na maneno yenyewe.

Tatizo la upasuaji ni madhara yanayoweza kumpata mgonjwa hata pale daktari alipofanya kila kitu ipasavyo. Damu inaweza kuvuja baada ya kidonda kushonwa. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu kikatunga usaha. Mwanamume aliyepasuliwa busha, ugonjwa ambao watu wa Kilifi na Lamu wanaujua vizuri, anaweza kuvimba tena siku ya pili kwa sababu damu imejikusanya ndani. Mama anayejifungua kwa upasuaji mara ya pili au ya tatu naye ana hatari yake: makovu ya awali huweza kukigandisha kibofu cha mkojo kwenye mfuko wa uzazi, na daktari anapovitenganisha, kibofu kikachanika. Hushonwa pale pale, mama akawekewa mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili, na wengi hupona kabisa.

Uzembe ni jambo jingine. Sheria haiulizi tu kama mgonjwa aliumia. Inauliza kama daktari mwingine mwenye ujuzi wa kawaida, akiwa mahali pale na vifaa vile, angefanya vile. Kibofu kuchanika, peke yake, si uzembe. Kibofu kikichanika, mkojo ukatoka na damu, mama akalia siku tatu kwamba tumbo linajaa, na asiwepo wa kumpima, hapo pana swali zito la uzembe. Watu wengi hushikilia kile kisu kilichogusa kibofu wakasahau zile siku tatu, na kumbe kesi, kama ipo, iko kwenye siku tatu.

Neno la mwisho ni marekebisho, yaani kazi yoyote anayofanyiwa mgonjwa ili kuondoa tatizo lililoletwa na upasuaji. Bili ya marekebisho hutegemea yamefanywa lini, na nani, na kwa nini.

Aliyewahi kupeleka mashua kwa fundi wa Matondoni anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Ubao ukipasuka fundi anapopigilia msumari, fundi huubadilisha na bei mliyopatana haibadiliki, kwa sababu bei ile ilikuwa ya kukurudishia mashua inayokwenda baharini. Akiubandua ubao akakuta mkuku, ule uti wa chini wa mashua, umeoza, hiyo ni kazi mpya na mtapatana upya. Na akikurudishia mashua bila kuitia kalafati ya kuziba nyufa, ikajaa maji siku ya kwanza, hapo hamzungumzii tena bei.

Upasuaji nao una hali hizo tatu.

Ya kwanza ni marekebisho yaliyofanywa ndani ya upasuaji ule ule, na daktari yule yule. Nchi ambayo imeandika kanuni ya jambo hili kwa uwazi mkubwa ni Marekani, kupitia Medicare, bima ya serikali inayowahudumia zaidi wazee wa miaka 65 na kuendelea. Kanuni yake inasema daktari akitoboa utumbo au kibofu wakati wa upasuaji akakishona mwenyewe, kushona huko ni sehemu ya upasuaji na hakulipishwi kando. Inaendelea mbele zaidi: kwa upasuaji mkubwa, malipo ya daktari yanahesabiwa kuwa yamechukua pia siku 90 za baadaye, pamoja na kutibu matatizo yasiyohitaji kurudi thieta. Mgonjwa akirudishwa thieta, daktari hulipwa, lakini kwa ile kazi ya thieta tu, pungufu ya malipo kamili, maana kumwangalia kabla na baada kulishalipiwa.

Hiyo si sheria ya Kenya, na ukiitaja kwenye dirisha la malipo hapa Malindi hakuna atakayelazimika kuifuata. Ila hoja iliyo nyuma yake haina nchi. Bei ya upasuaji ni bei ya kukuingiza na kukutoa ukiwa umeshonwa. Daktari hawezi kukulipisha kwa kukata halafu akakulipisha tena kwa kushona alichokata bila kukusudia, kana kwamba ni huduma uliyoiomba.

Hali ya pili ni mgonjwa kurudi thieta siku nyingine, au kuitwa bingwa mwingine. Hapa gharama mpya ni za kweli. Dawa ya usingizi imetumika tena, wauguzi wamekesha tena, nyuzi na gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, zimefunguliwa upya. Daktari aliyeitwa usiku kuja kurekebisha kibofu hakukichana yeye, na ana haki ya jasho lake. Ndiyo maana katika hospitali za kibinafsi ni jambo la kawaida daktari wa kwanza kusamehe ada yake mwenyewe, huku hospitali ikidai thieta, dawa na kitanda. Ada ya daktari na pesa ya hospitali ni mifuko miwili hata kama zimeandikwa kwenye karatasi moja, kwa hivyo msamaha wa mmoja haumfungi mwingine. Na msamaha huo mara nyingi hautolewi mpaka uombwe.

Watu wa Lamu wana mzigo wa ziada. Tatizo likizidi uwezo wa hospitali ya kisiwani, mgonjwa huvushwa kwa boti mpaka Mokowe, akapakiwa gari, akapita Witu, Garsen na Malindi, mpaka Mombasa. Akifika kule ni hospitali mpya, faili mpya na bili mpya. Familia hufika na hasira ya hospitali ya kwanza wakaimwagia ya pili. Hospitali ya pili haikuharibu kitu. Bili yake ni ya halali. Pesa ya boti, ya gari, ya kulala na ya matibabu ya Mombasa ni gharama ambazo zikija kuthibitishwa kuwa zilisababishwa na uzembe zinaweza kudaiwa kutoka kwa aliyesababisha. Kwa hivyo tunzeni kila risiti, hata ya boti. Nahodha asiye na risiti mwandikieni karatasi, atie sahihi na tarehe.

Hali ya tatu ni yale makosa yasiyotakiwa kutokea kabisa: gozi kusahauliwa tumboni, kupasuliwa upande usiostahili, kupasuliwa mtu asiye mwenyewe. Mwaka 2018 Wakenya walishtuka waliposikia kwamba katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mgonjwa mmoja alifunguliwa kichwa kwa upasuaji uliokuwa wa mwenzake. Kwa makosa ya namna hii mjadala wa bili huwa mfupi. Medicare iliacha mwaka 2008 kuzilipa hospitali pesa ya ziada kwa ajili ya kitu kilichosahauliwa mwilini, na mwaka 2009 ikakataa kabisa kulipia upasuaji wa mtu au kiungo kisicho chenyewe. Sababu ni kwamba makosa haya yana kinga inayojulikana. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008 ikiwa na vipengele 19, inataka gozi, sindano na vyuma vihesabiwe na hesabu ithibitishwe kwa sauti kabla mgonjwa hajatolewa thieta. Ikiwa hesabu haikuandikwa kwenye faili, hilo ni jambo la kuuliza.

Sasa tuje kwenye pesa za hapa kwetu.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. SHA hulipa hospitali upasuaji mwingi kwa mkupuo uliopangwa, yaani kiasi kimoja kwa kazi nzima. Kujifungua kwa kawaida ni shilingi 10,000, na kujifungua kwa upasuaji ni shilingi 30,000. Mkupuo haubadiliki kwa sababu daktari alikaa thieta saa moja zaidi akishona kibofu. Kwa hivyo ukiambiwa uongeze pesa kwa sababu "kulitokea tatizo", uliza kwa adabu: je, mkupuo ule haukuwa umelipia saa zote za thieta siku ile? Na kama mgonjwa alirudishwa siku nyingine, uliza kama hospitali iliomba idhini mpya ya SHA kwa upasuaji wa pili. Idhini hiyo huombwa na hospitali, si wewe. Isipoombwa, bili yote inaweza kuangukia mfuko wako bila sababu.

Wenye bima za kibinafsi wana ulinzi ambao wachache huutumia. Kampuni ya bima ina watu wanaosoma bili kwa kazi, na haina hamu ya kulipa kitu kimoja mara mbili. Piga simu kabla ya upasuaji wa pili, omba idhini, na mwambie anayekuhudumia kwamba upasuaji huu umetokana na ule wa kwanza. Waache wao waulizane na hospitali. Ukinyamaza, bili ya pili itakula kikomo chako cha mwaka na utakuja kugundua mwezi wa kumi mtoto akiugua.

Tuisome bili moja ya mfano, ya mama aliyejifungua kwa upasuaji tarehe 14 katika hospitali ya kibinafsi. Tarehe 14 imeandikwa thieta, ada ya daktari, dawa ya usingizi. Chini yake, tarehe ile ile, kushona kibofu na thieta tena. Tarehe 18 imeandikwa kuosha na kushona kidonda, thieta, dawa ya usingizi, ada ya daktari. Kisha kitanda siku tisa.

Thieta ya pili ya tarehe 14 ndiyo ya kwanza kuwekewa kidole. Mama hakutoka mezani. Aliingia mara moja akatoka mara moja. Kushona kibofu kulifanywa na daktari yule yule katika kazi ile ile, kwa hivyo nako kuna hoja ya kufutwa. Mpira wa mkojo na mifuko yake ni vifaa vilivyotumika, sioni ubishi hapo. Tarehe 18 ni safari mpya ya thieta kwa kidonda kilichoachana, na gharama za hospitali zina msingi, ila ada ya daktari ni ya kuombewa msamaha. Zile siku tisa zigawanyike: ngapi zingehitajika bila tatizo, na ngapi zimeongezeka kwa sababu yake. Hospitali nyingi ziko tayari kuzungumza juu ya siku za nyongeza kuliko juu ya kitu kingine chochote, maana kupunguza kitanda hakumgusi mtu heshima yake.

Ili ufike huko unahitaji bili yenye mchanganuo, iliyoandikwa kila kitu na tarehe yake. Karatasi yenye jumla peke yake haisomeki. Ukiipata, usianze na neno uzembe. Mtu wa malipo hakuwepo thieta, na ukimtupia neno hilo atakupeleka kwa mkubwa wake na mlango utafungwa. Mwambie tu: "Samahani ndugu yangu, hii thieta ya tarehe 14 naiona mara mbili, na mama hakutoka mezani. Hii ya pili ni ya kazi gani?" Akishindwa kujibu, omba kumwona msimamizi wa hospitali, na uyaandike maombi yako.

Katika hospitali za serikali mara nyingi huoni bili ya namna hii. Unachokiona ni karatasi ya kukutuma duka la dawa ununue nyuzi, gozi au dawa. Hizo nazo ni gharama za marekebisho. Risiti zake zisitupwe.

Nirudi kwa yule wa kwenye kundi anayesema fomu ilishatiwa sahihi. Fomu ya ridhaa inamaanisha umekubali upasuaji na umeelezwa hatari zake zinazojulikana. Haimaanishi umekubali kutendewa kwa uzembe, wala haisemi neno juu ya nani atalipa marekebisho. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hatari, faida na gharama za matibabu, na inapowezekana amweleze kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Bibi wa Marafa anayezungumza Kigiriama tu, aliyewekewa kidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza, ana swali la halali kuhusu alichokubali. Kwa hiyo fomu si adui yako, iombe nakala. Kama tatizo lililotokea limeandikwa humo na mlielezwa, utajua kwamba hoja ya uzembe ni dhaifu na utaelekeza nguvu kwenye bili. Kama halimo, hilo nalo ni ushahidi.

Yule anayesema tuchange mtu atoke ana hofu inayoeleweka, maana watu wamezuiliwa wodini kwa deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya wazazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa, na ikasema kuwazuilia kulikiuka haki zao, ikaamuru walipwe fidia. Deni halifutiki kwa uamuzi kama huo. Hospitali inaweza kukudai, mkakubaliana ulipe kidogo kidogo, na hata kukupeleka mahakamani. Isichoweza ni kuufanya mwili wako rehani. Na dharura haingojei malipo: Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mgonjwa anayevuja damu ndani arudishwe thieta kwanza.

Kulipa nako si kukiri. Ukilipa bili ili mgonjwa wako atoke, hujapoteza haki ya kulalamika wala kudai fidia. Kinachoweza kukufunga ni karatasi nyingine, ile inayosema umepokea punguzo na hutadai kitu tena. Hiyo usiitie sahihi ukiwa na haraka ya kuondoka. Nenda nayo nyumbani, isomwe na mtu anayeelewa sheria.

Sasa lile swali la lawama. Hatua ya kwanza ni faili. Una haki ya kupata taarifa zako, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi iliyoombwa siku 21 kujibu. Omba maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa na daktari, karatasi ya hesabu ya vifaa, maandishi ya wauguzi ya siku zilizofuata, na muhtasari wa kuruhusiwa. Maandishi ya wauguzi ndiyo yenye saa na vipimo. Humo ndimo utakapoona kama mama alilalamika tumbo saa nne usiku na ni nani alikuja kumwona. Iombe mapema, kabla ya kugombana na mtu.

Sheria ya Afya inakupa haki ya kulalamika juu ya ulivyohudumiwa na lalamiko lako lichunguzwe. Mwenendo wa daktari hushughulikiwa na baraza la madaktari, KMPDC. Wauguzi na matabibu (clinical officers) wana mabaraza yao, kwa hivyo ujue kwanza aliyekushika alikuwa nani. Baraza linaweza kumwadhibu hata kumsimamisha kazi. Fidia ya fedha huamuliwa mahakamani, na huko utahitaji daktari mwingine aseme kwamba kilichofanyika kilikuwa chini ya kiwango. Wakati mwingine kosa hujisema lenyewe, kama gozi iliyoonekana kwenye picha ya tumbo, na hapo hospitali ndiyo itakayokuwa na kazi ya kueleza.

Muda ndio unaowaponyoka wengi. Kesi ya uzembe dhidi ya hospitali ya kibinafsi kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3. Hospitali za umma kama za Malindi na Lamu ziko chini ya serikali za kaunti, na madai ya namna hii dhidi ya serikali yamewekewa miezi 12 tu. Mahakama inaweza kuongeza muda kwa mtu ambaye hakuweza kujua mapema kilichompata, mfano yule ambaye gozi ilikaa tumboni mwake miaka minne akitibiwa vidonda vya tumbo. Kwa hivyo andika tarehe mbili: ya upasuaji, na ile uliyoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba kuna kitu hakiko sawa. Omba daktari aliyekwambia aitie kwenye karatasi yake.